Kufokasi mpira wa kikapu ukumbini: 85mm au 70-200, nukta moja au zoni, chini ya ringi au pembeni?

Chukua picha moja iliyokuharibikia kwenye mechi ya mwisho, ikuze hadi asilimia 100, uiangalie kwa utulivu. Jezi ya mchezaji ina ukungu, lakini shabiki aliyekaa nyuma yake anaonekana hadi vifungo vya shati? Fokasi ilimruka mchezaji ikashika jukwaa. Mguu uliokanyaga sakafu ni safi ila mkono na mpira vimeburuza? Fokasi haina kosa hapo, shata (mlango wa kamera unaopitisha mwanga) ndiyo ilikuwa polepole. Kila kitu, kuanzia mistari ya uwanja hadi ubao, kimevutwa upande mmoja? Ni mikono yako. Na kama uso umekuwa laini kama uliopakwa losheni, kamera imefuta chenga za ISO kubwa (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kope zimeondoka nazo.

Hapa tunashughulika hasa na tatizo la kwanza. Lakini la pili lazima limalizwe mapema, kwa sababu wengi hununua lenzi mpya wakati kilichowaangusha ni shata ya 1/250 ya sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 2.4 ndani ya 1/250, na milimita 6 tu ndani ya 1/1000. Mkono unaotupa mpira huenda kasi kuliko mwili. Kwa hiyo hesabu zote zilizo hapa chini ni za shata ya 1/1000. Ukibanwa na mwanga, shuka hadi 1/800; 1/500 ni ya mitupo huru na ya kocha anayefoka pembeni. Weka kamera kwenye M (hali ya kujipangia mwanga mwenyewe), maana mwanga wa ukumbini hautegemei mawingu. Ukiiachia kamera ipime yenyewe, jezi nyeupe zitaifanya itoe picha za giza, na jezi nyeusi zitaifanya iunguze sura za watu.

Umekaa wapi?

Watu huanza na swali la kamera. Sisi tungeanza na swali la kiti, kwa sababu mahali ulipokaa ndipo panapoamua lenzi, na pia panaamua fokasi itafanya kazi gani.

Uwanja wa FIBA una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ukikaa mita 2 nyuma ya mstari wa mwisho, kati ya ringi na kona, mchezaji anayepanda kufunga yuko kama mita 5 kutoka kwako. Anayetupa mitupo huru yuko kama mita 8. Anayetupa pointi tatu akiwa katikati, juu ya duara, yuko mita 10 na kitu. Ringi ya upande wa pili iko zaidi ya mita 28, kwa hiyo isahau. Kariri namba hizo tatu, 5, 8 na 10, maana kila lenzi hupimwa kwa hizo.

Chini ya ringi ndiko nyuso zinakokuja. Mchezaji anaangalia kikapu, na kikapu kiko juu ya kichwa chako, kwa hiyo macho, meno na jasho unavipata vyote. Tatizo ni kwamba anakujia wewe moja kwa moja, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa fokasi otomatiki. Piga hesabu: kamera inayopiga fremu 10 kwa sekunde humwacha mchezaji wa mita 6 kwa sekunde asogee sentimita 60 kati ya fremu na fremu. Utaona kwenye jedwali kwamba lenzi ya 85mm kwa umbali huo ina kina cha fokasi (eneo linalotoka kali, mbele hadi nyuma) cha sentimita 37 tu. Maana yake kamera ikilala kwa fremu moja, mchezaji keshatoka nje ya eneo lililo kali. Haitoshi kamera kujua mchezaji alipo; lazima ikisie atakapokuwa. Ili ikisie vizuri inahitaji kumfuatilia kwa karibu nusu sekunde kabla hujapiga. Anayebonyeza fokasi na kupiga kwa mkupuo mmoja, mchezaji akiwa tayari hewani, atapata fremu ya kwanza yenye ukungu, ya pili yenye ukungu, na ya tatu kali ya mtu aliyekwisha kutua.

Pembeni mwa uwanja mambo hugeuka. Mchezaji anapita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, umbali wake haubadiliki sana, kwa hiyo fokasi inapumua. Anayeteseka huko ni shata, kwa sababu mwendo wa kukatiza huonekana zaidi kwenye picha kuliko mwendo wa kukujia. Huko usishuke chini ya 1/1000 hata kidogo. Adui mwingine ni miguu ya refa, kocha na wachezaji wa akiba, inayokatiza mbele ya lenzi kila dakika. Kamera isiyo na subira itaruka na kushika suruali ya refa.

Jukwaani, mita 15 hadi 25 kutoka kwa tukio, kina cha fokasi ni kikubwa na kinakusamehe. Tena kuna faida ambayo haizungumzwi: ukiwa juu, kilicho nyuma ya mchezaji ni sakafu, ambayo iko karibu naye, si ukuta ulio mita 20 nyuma. Fokasi ikiteleza, inateleza kidogo. Hasara ni kwamba unapiga nywele za watu badala ya nyuso, na sakafu inayong'aa isiyo na mistari haina kitu cha fokasi kukamata.

Kwa anayetaka picha za gazeti au za kuuzia wachezaji wenyewe, chini ya ringi hakuna mbadala. Kwa anayejifunza kutumia fokasi endelevu (inayomfuata mchezaji bila kukoma), aanze pembeni robo mbili za kwanza, kisha ahamie chini.

Lenzi: kina na mwanga kwa pamoja

Hesabu za kina cha fokasi kwenye jedwali ni za sensa ya fulu fremu (yenye ukubwa wa filamu ya 35mm), kwa kipimo cha kawaida cha ukali. Ukizoea kukuza picha sana au kuzikata, chukulia nusu yake. Kwa sensa ya APS-C, iliyo ndogo zaidi, lenzi ileile kwa umbali uleule, punguza theluthi. Apacha ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba yake ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

| Lenzi na apacha | Umbali | Kina cha fokasi |
|---|---|---|
| 50mm f/1.8 | m 5 | kama m 1.1 |
| 85mm f/1.8 | m 5 | kama sm 37 |
| 85mm f/1.8 | m 8 | kama sm 96 |
| 85mm f/2.8 | m 5 | kama sm 58 |
| 70-200 ikiwa 70mm f/2.8 | m 5 | kama sm 86 |
| 70-200 ikiwa 200mm f/2.8 | m 10 | kama sm 42 |
| 70-200 ikiwa 200mm f/2.8 | m 20 | kama m 1.7 |

Sentimita 37 ni ndogo kuliko inavyosikika. Mchezaji aliyenyoosha mkono mbele akiwa na mpira ana sentimita 60 au 70 kutoka mpira hadi uso. Kwa 85mm iliyofunguliwa hadi f/1.8, ukiwa mita 5, utapata mpira mkali au uso mkali, si vyote. Chagua uso. Au funga hadi f/2.2, upate kama sentimita 46 na ukali zaidi wa lenzi yenyewe, kwa kuongeza ISO kidogo.

Sasa mwanga. Ukumbi wa shule au chuo wenye lux 300 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kwa 1/1000, unakudai ISO 2500 kwa f/1.8, ISO 6400 kwa f/2.8, ISO 12800 kwa f/4 na ISO 25600 kwa f/5.6. Lenzi inayokuja na kamera dukani, ile ya 18-55 au 55-250, ukiivuta inafika f/5.6, na hapo ndipo picha za losheni zinapotokea. Ukumbi uliowekewa taa za televisheni ni dunia nyingine: kwa lux 1500, f/2.8 inaridhika na ISO isiyozidi 1600. Ndiyo maana ushauri wa mpigapicha aliyezoea ukumbi kama BK Arena ya Kigali, iliyofunguliwa 2019 na kupokea msimu wa kwanza wa BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika, 2021, unaweza kukupotosha ukiupeleka kwenye ukumbi wa sekondari wenye taa nane ambazo mbili zimeungua.

Lenzi ya f/5.6 haikunyimi mwanga wa picha peke yake, inainyima na fokasi. Kamera ya DSLR (yenye kioo cha ndani) hufokasi lenzi ikiwa imefunguka yote, na hufunga apacha pale tu unapopiga. Kwa hiyo wakati wa kufokasi lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, hata kama unapiga kwa f/5.6. Tena DSLR nyingi za daraja la kati na la juu zina nukta za fokasi, hasa ya katikati, ambazo usahihi wake huongezeka lenzi ikiwa f/2.8 au zaidi. Lenzi ya giza ukumbini hutapatapa: inaenda mbele, inarudi nyuma, na mchezo umeshahamia upande wa pili.

85mm f/1.8 au 70-200 f/2.8, basi? Kwa fulu fremu, ukikaa chini ya ringi na bajeti yako ni ndogo, chukua 85mm f/1.8. Ile ya Canon ya EF ina gramu 425, ya Nikon f/1.8G ina gramu 350, na zote mbili zina mota ya haraka. 70-200 f/2.8 za DSLR zinakaribia kilo moja na nusu. Mkono unaanza kutetemeka robo ya tatu. Kizazi kipya cha Canon RF na Sony GM II kimeshuka hadi kilo moja na kidogo, lakini bei yake haikushuka. Zumu, yaani 70-200, inakupa kitu ambacho 85mm haina: kumfuata mtu kuanzia mita 12 hadi mita 5 bila kumkata miguu. Ukiwa pembeni au jukwaani, zumu inashinda bila mjadala. Chini ya ringi, kwenye ukumbi wenye giza, 85mm inashinda, kwa sababu kushuka kutoka ISO 6400 hadi 2500 kunaonekana kwa macho.

Mwenye sensa ya APS-C asinunue 85mm kwa ajili ya kukaa chini ya ringi. Kwenye sensa hiyo inabana kama 127 hadi 136mm, na mtu aliye mita 5 hataingia mzima. Kwake 50mm f/1.8 ndiyo lenzi ya kwanza, na ni ya bei nafuu. 85mm aipeleke pembeni.

Tahadhari chache kabla hujatoa hela, hasa kwa lenzi za mtumba. Nikon 50mm f/1.8D na 85mm f/1.8D hazina mota ndani. Ukizifunga kwenye Nikon za D3000 au D5000, tuseme D3400 au D5600, hazitafokasi zenyewe kabisa, na muuzaji hatakwambia. Canon 85mm f/1.2L ni ya kifahari lakini husukuma vioo vizito, ni polepole kwa mchezo huu. Sony FE 50mm f/1.8 ni rahisi mfukoni, ila mota yake inachelewa. FE 85mm f/1.8 ni ya haraka zaidi. Ukiijaribu lenzi dukani, fokasi kitu kilicho mita 2, kisha mlango wa mbali, kisha rudi, mara ishirini. Mota inayolia kama bawaba kavu inakaribia kufa.

Kitufe cha kutuliza mtikisiko kwenye lenzi, kwa 1/1000, kizime. Hakisaidii kitu kwa kasi hiyo.

Nukta moja, nukta na jirani zake, zoni, au kamera ichague jicho

Kabla ya yote hayo, hakikisha fokasi iko kwenye hali endelevu: AF-C kwa Nikon, Sony na Fujifilm, AI Servo au Servo AF kwa Canon. Hali ya AF-S au One Shot hufunga umbali mara moja na kuganda hapo. Inafaa mitupo huru peke yake, maana mtupaji amesimama.

*Nukta moja.* Hutii unachokielekeza, hivyo ndiyo sahihi kuliko zote pale mikono ya walinzi inapojaa mbele. Kasoro yake ni mkono wako: ukiteleza kidogo nukta inapita kati ya mkono na mbavu, na fokasi inaenda moja kwa moja jukwaani. Jezi nyeupe isiyo na maandishi nayo huipa shida kwa sababu haina mahali rangi zinapokutana. Elekeza nukta kwenye namba ya jezi, kingo za tarakimu ndizo zinazoipa kamera kitu cha kusoma. Mlenge kifuani, si usoni. Uso ni mdogo na unayumba, na kifua kiko karibu umbali uleule.

*Nukta na jirani zake.* Canon huita upanuzi wa nukta 4 au 8, Nikon huita Dynamic-area ya 9, 21 au 25 kutegemea kamera. Unalenga kwa ile ya katikati, na ukiteleza jirani zinashika. Kwa DSLR hii ndiyo chaguo letu la kwanza, bila kuongeza jirani wengi: 9 zinatosha. Ukichagua 51, kamera ina uhuru mwingi wa kukosea.

*Zoni.* Eneo la mstatili, na kwa kawaida kamera hupendelea kitu kilicho karibu zaidi. Kwenye shambulizi la haraka, mchezaji mmoja akija peke yake, zoni ni raha. Chini ya ringi kwenye ribaundi, kilicho karibu zaidi ni kiwiko cha mlinzi au mgongo wa refa, na hicho ndicho kitakachotoka kikali. Kila mara unapoona kiwiko kikali na uso wa ukungu nyuma yake, ulikuwa kwenye zoni.

*Jicho na uso.* Kamera zisizo na kioo cha ndani zimebadilisha kazi hii kweli. Mchezaji mmoja akionekana wazi, kamera hushika jicho na kulifuata hadi kwenye ringi, hata akikaa pembeni mwa fremu ambako DSLR haina nukta. Lakini kuna watu 10 uwanjani na nyuso mia nyuma yao. Ukiiachia fremu nzima, inaruka kutoka uso hadi uso kama shabiki asiyejua timu yake. Dawa ni kuanzisha ufuatiliaji kwa nukta ndogo: mlenge unayemtaka, bonyeza, kisha acha utambuzi wa jicho uendelee kutoka hapo. Kwenye Sony hiyo ni Tracking pamoja na Spot; Canon na Nikon wana zao zinazofanana. Canon R1 na R5 Mark II za 2024 zimeenda mbele: zina hali inayotambua matukio ya mpira wa kikapu, kama kutupa kikapuni, na kumhamia mwenye mpira. Ni nzuri, lakini hazihalalishi kuuza gari.

Wenye kamera za daraja la kuanzia wana uamuzi mwepesi. Canon 1300D ina nukta 9 na Nikon D3400 ina nukta 11, ila kwa zote mbili ni ile ya katikati pekee inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Gizani zilizobaki zitakuangusha. Tumia ya katikati, acha nafasi kuzunguka mchezaji, ukate picha baadaye. Mpangilio utakuwa wa kawaida, lakini utakuwa na picha.

Subira ya fokasi

Hii ndiyo mipangilio inayosahaulika zaidi, na pia iliyojaa mtego. Kila kampuni ina kipimo cha muda ambao kamera ivumilie mtu akikatiza mbele kabla ya kumhamia. Canon wana Case 2, iliyotengenezwa ili kumng'ang'ania uliyemlenga. Nikon wana kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo subira kubwa. Sony nao wana 1 hadi 5, lakini kwao 1 ndiyo subira kubwa. Aliyehama kutoka Nikon kwenda Sony na kunakili namba yake ya zamani amejiwekea kinyume.

Pembeni, subira kubwa: Case 2, au 4 hadi 5 kwa Nikon, au 1 hadi 2 kwa Sony. Refa apite tu. Chini ya ringi, subira ya kati, kwa sababu pasi hubadilisha mhusika ghafla, na kamera yenye subira kupita kiasi itabaki imemng'ang'ania aliyekwisha kutoa mpira. Ikitokea, usisubiri. Achia kitufe cha fokasi, mlenge mwingine, bonyeza upya.

Kidole cha shata au kidole gumba?

Kuachia na kubonyeza upya ndiko kunakotufanya tupendelee kufokasi kwa kidole gumba, kwa kitufe cha nyuma cha AF-ON. Kwa kidole cha shata, kuanza fokasi upya kunakulazimu uachie shata, yaani ukatishe mfululizo wa picha. Kwa kidole gumba, shata inapiga na fokasi inaanza au inasimama kivyake. Mchezaji akijificha nyuma ya nguzo ya ringi unaachia gumba, fokasi inabaki pale ilipokuwa, na akitokea unabonyeza tena.

Kwa Canon, nenda kwenye mipangilio ya vitufe na uondoe fokasi kwenye shata. Kamera ndogo zisizo na AF-ON hutumia kitufe chenye nyota. Kwa Nikon ndogo, kabidhi AE-L/AF-L kazi ya AF-ON. Utaratibu huu huchukua mechi mbili au tatu kuuzoea, na katika mechi hizo utasahau gumba na kupiga mfululizo mzima wa ukungu. Usiuanzie fainali. Na ukimwazima mtu kamera yako, mwambie, la sivyo atakurudishia akisema imeharibika.

Kuhusu kipaumbele, yaani kamera ipige papo hapo au ingoje fokasi ishike kwanza: Nikon kwa AF-C huja ikiwa imewekwa kupiga hata kama fokasi haijashika. Canon wana kipaumbele cha picha ya kwanza na cha zinazofuata, Sony wana cha kati. Chaguo la kati ndilo bora pale lilipo. Kipaumbele kamili cha fokasi, kwenye ukumbi wa giza, huifanya kamera igome kabisa wakati wa danki, na danki hairudiwi.

Kumfuata mchezaji au kumtegea?

Njia ya kutega ni ya zamani na bado inafanya kazi, hasa kwa lenzi za kufokasi kwa mkono au kamera iliyochoka. Unafokasi mahali, unahamisha lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), unasubiri mchezaji aingie. Kosa la kawaida ni kufokasi ubao. Mdomo wa ndani wa ringi ulio upande wa ubao uko sentimita 15 mbele yake, na ringi ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo ukingo wa mbele wa ringi uko sentimita 60 kutoka ubaoni, na uso wa anayedanki uko mbele zaidi ya hapo. Fokasi ukingo wa ringi ulio mbali na ubao, weka f/2.8 badala ya f/1.8 upate hizo sentimita 58, kisha bandika utepe kwenye pete ya fokasi isisogee.

Kutega hukupa danki, leiapu na ribaundi za chini ya kikapu pekee. Kila kinachotokea nje ya hapo unakikosa. Mwenye fokasi endelevu inayofanya kazi amfuate mchezaji.

Vitu viwili vinavyosingiziwa kuwa ni fokasi

Taa kwanza. Umeme wetu ni wa Hertz 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/1000 inakamata kipande cha kumi cha mzunguko huo: fremu moja angavu, inayofuata ya rangi ya chungwa na giza. Watu huziona picha hizo hazina ukali, kumbe hazina mwanga. Kamera zilizotoka baada ya Canon 7D Mark II ya 2014, iliyoleta uwezo huo, nyingi zina kipengele cha kusubiri kilele cha mwanga. Kiwashe, ukubali kasi ya mfululizo kupungua kidogo. Ukiona mistari ya mlalo chini ya taa za LED, zima shata ya kielektroniki urudi kwenye ya kawaida.

Pili, DSLR inayokosea kwa namna moja kila mara, daima mbele au daima nyuma ya uliyemlenga. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama umbali wa mara 50 ya milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, yaani mita 4.25 kwa 85mm, kamera ikiwa juu ya tripodi. Piga kwa kutumia kitundu cha kutazamia, kisha piga kwa skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali kuliko ya kitundu, kuna tofauti ya kurekebisha kwenye menyu ya AF Microadjustment au AF fine-tune. Kamera za kuanzia hazina menyu hiyo, inabidi fundi. Zisizo na kioo hazisumbuliwi sana na ugonjwa huu, kwa sababu hufokasi kwenye sensa ileile inayopiga picha.

Dakika kumi za kupasha misuli

Timu zikipasha misuli kwa mistari ya leiapu ndiyo nafasi yako ya kulinganisha bila hasara. Kaa ulipopanga kukaa. Piga leiapu 10 kwa nukta na jirani zake, 10 kwa zoni au jicho, ukianza kumfuata mchezaji kabla hajavuka mstari wa pointi tatu. Kuza fremu ya juu kabisa ya kila mruko, angalia namba ya jezi, si mpira. Kali zikiwa chini ya sita kati ya kumi, badilisha kitu kimoja tu: kwanza funga apacha nusu hatua, kama haikusaidia geuza subira, kama bado sogea mita moja kuelekea kona, ambako mchezaji anakujia kwa mshazari badala ya moja kwa moja. Mluzi ukipulizwa, acha menyu ilivyo hadi mapumziko.